Pongezi kwa Waongozaji wa Baa za Juu ya Paa Mjini Asheville

Kazi ya kuwatembeza wageni katika baa za juu ya paa, yaani kumbi za vinywaji zilizo wazi juu ya majengo marefu, imepata mahali pake hasa Asheville, mji wa jimbo la North Carolina nchini Marekani uliozungukwa na milima ya Blue Ridge. Mwongozaji hodari huwapeleka wageni kwa gari kutoka paa moja hadi jingine, ili anayekunywa asishike usukani, lakini sifa yake kubwa ni kuwafundisha kuusoma mji kutoka juu. Huwaonyesha paa la Ukumbi wa Jiji la mwaka 1928, lenye pembe nane na vigae vya rangi nyekundu na kijani, kisha hueleza kwamba benki zilipoanguka mwaka 1930 mji ulibaki na deni ambalo ulimaliza kulilipa mwaka 1976, na kwamba ufukara huo, kwa bahati njema, uliyanusuru majengo mengi ya kale yasibomolewe. Huwaelekeza pia kwenye mlima Pisgah, wenye kimo cha mita zipatazo 1,740, na kufafanua kuwa ukungu wa buluu unaoonekana huko hutokana na isoprini, hewa inayotolewa na miti. Elimu hiyo, inayotolewa kwa sauti ya kawaida huku glasi zikiwa mezani, inastahili heshima ileile wanayopewa waelimishaji wa makumbusho.