Fani na Maudhui katika Mchezo wa Video Tales of Kenzera: ZAU: Mtazamo kutoka Busiu

Tales of Kenzera: ZAU, mchezo wa video uliotolewa Aprili 2024 na Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, umesifiwa sana kwa uzuri wa mandhari yake. Suala la kihakiki ni iwapo maudhui yake yanaustahili uzuri huo.

Kisa ni chepesi kueleweka. Zau, mganga kijana aliyefiwa na babaye, anaafikiana na Kalunga, mungu wa kifo: akimletea mizimu mikuu mitatu, baba atarudishwa. Salim mwenyewe alifiwa na baba, na uchungu unaosimuliwa ni wa kweli. Udhaifu umo katika mshono wa fani na maudhui. Kwa sehemu kubwa mchezaji huruka na kupigana, kisha husimama kusikiliza maneno kuhusu majonzi. Mikono inatenda hili, hadithi inasema lile.

Busiu, katika wilaya ya Mbale, pana kipimo cha kufaa. Katika imbalu, jando la Wamasaba linalofanywa katika miaka shufwa, ngoma, unga unaopakwa mwilini na kusimama wima mbele ya kisu si pambo la maana. Ndivyo maana yenyewe. Kijana hahubiriwi ujasiri tu; anautenda mbele ya ukoo wake.

Mchezo huu unakikaribia kipimo hicho chini ya mibuyu. Hapo Zau huketi na kutafakari, na uhai wake huongezeka. Kuomboleza kunakuwa tendo la mchezo, na picha inapata uzito. Nyakati hizo ni chache mno.

Vivyo hivyo kuhusu lugha. Sauti za Kiswahili zilizomo ni hatua adimu na ya kupongezwa. Hata hivyo, Impundulu ametoka katika ngano za kusini mwa Afrika na Kikiyaon katika zile za Afrika Magharibi. Wamekutanishwa kwa sura zao, huku jamii zilizowasimulia zikiachwa nyuma.

Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, kazi za namna hii zinawahusu pia watunga sera. Funzo lake ni kwamba kutia sauti mwishoni hakutoshi. Msimulizi wa Kiswahili na mjuzi wa mila wanapaswa kuwapo tangu kanuni za mchezo zinapobuniwa, kwa kuwa hapo ndipo maana inapozaliwa.