Hodi Kwanza, Tepu Baadaye

Siku mbili nilishika ncha ya tepu ya kupimia huko Siyu, kisiwani Pate. Tulikuwa vijana wa kujitolea, tukirekodi nyumba za mawe ya matumbawe kabla hazijaanguka. Kazi safi, sikatai. Lakini nikiifungua rekodi yetu sasa, naona ni kama kitabu kilichochanwa kurasa.

Unene wa kuta upo. Vidaka vimehesabiwa. Kichochoro kimechorwa, upana umeandikwa kwa sentimita. Na jina lake? "Njia Na. 4." Eti namba! Kulikuwa na bibi amekaa barazani siku nzima akitutazama. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi.

Usam Ghaidan alipima pia, kwenye kitabu chake cha 1975 kuhusu mji wa Lamu. Tofauti ni kwamba ukimsoma unaona watu ndani ya michoro: mgeni anaishia wapi, wenyewe wanaanzia wapi. Ama chukua wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Kwenye karatasi ni mstatili tu. Kwa wenyeji, wanawake walipita humo kutembeleana bila kushuka njiani. Hilo tepu haikwambii.

Siyu ni mji uliosifika kwa kunakili misahafu kwa mkono. Mji wa waandishi hivyo, halafu sisi tunauachia namba?

Ukuta ukianguka, vipimo vyetu vitabaki. Bibi akienda, jina la kile kichochoro limeenda naye. Mimi ningerudi kwake kwanza.