Feza ya Msikilizaji, Kinywa cha Mwimbaji

Kuna wandugu wanaotuambia kwamba kumlipa msanii moja kwa moja kwa njia ya intaneti ni mambo ya Wazungu. Wanatuonyesha Patreon, iliyoanza Marekani mwaka 2013. Mwanamuziki Jack Conte aliona video zake zinatazamwa na watu wengi, lakini matangazo yanamletea feza kidogo sana. Njo akatafuta namna wapenzi wake wenyewe wamtumie kitu. Ni vizuri. Lakini kusema desturi hii ni ngeni kwetu, hapo tunakataa.

Tuchukue hadisi ya Mwindo, ya ndugu zetu Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 Candi Rureke aliiimba kwa siku 12, Daniel Biebuyck akaiandikisha, na mwaka 1969 akaitoa katika kitabu pamoja na Kahombo Mateene. Wengi wanakisoma kitabu hicho juu ya shujaa na zimwi tu. Sisi tunaomba msomaji awatazame pia wale waliokaa wakisikiliza. Mwimbaji anacheza, anatikisa kibuyu chake, na watu wanamletea chakula, pombe, shanga, franga kidogo. Hapana matabishi ya kumhurumia: ni sehemu ya mchezo wenyewe, sawa na kuitikia wimbo.

Sasa tuangalie hadisi inasema nini. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anakataza wake zake wasimzalie mtoto mwanaume, na anataka kumwua Mwindo. Mwishoni anaomba musamaha mbele ya watu wote. Mwindo mwenyewe, akijivuna kupita kiasi, anapelekwa juu mbinguni kupewa azabu. Yaani wimbo haumwogopi mkubwa. Kwa maoni yetu, hiyo ni nguvu ya mwimbaji anayelishwa na mikono mingi midogo: hakuna mkono mmoja unaoweza kumfunga kinywa.

Tulinganishe na mabanga ya muziki wetu wa leo. Hapo pia mtu anamlipa msanii moja kwa moja, lakini analipa ili jina lake litajwe. Mwanasiasa analipa, mfanyabiashara analipa, na wimbo wa mapenzi unageuka orodha ya majina. Hatuwalaumu wanamuziki bure, juu mkono mtupu haulambwi, na kaseti na CD zao ziliibiwa sokoni miaka mingi. Lakini anayelamba mkono mmoja kila siku, atausema lini ubaya wake?

Kwa hiyo swali si intaneti ao hapana intaneti. Swali ni: nani analipa, na anaomba nini? Hata huko Patreon kampuni inakata sehemu yake, na wengi wetu hatuna kadi ya benki. Lakini M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziko mikononi mwetu. Kijana wa Bukavu ao Goma anayetuchekesha kwenye simu, ao anayeandika hadisi za bibi yake, anaweza kupokea franga 500 kutoka kwa watu mia. Tumtumie. Na tusimwombe ataje jina letu. Tumwombe tu aseme kweli, hata siku ile kweli itatuhusu sisi wenyewe.