Vanuatu: Mfungulieni Mtoto Pasifiki kwa Mlango Huu!

Jamani, Vanuatu! Kama unatafuta nchi ya kumwonjesha mtoto bahari ya Pasifiki, usihangaike tena. Ndiyo kwanza nimeifungua na wanangu, ramani ingali mezani, na hakuna anayetaka kwenda kulala!

Ni visiwa kama 80, mashariki ya Australia, watu wapatao 300,000 na lugha zaidi ya 100. Mia moja! Mtoto wa huko ana lugha ya kijijini kwao, ana Kibislama cha kuzungumza na wa kisiwa cha jirani, na shuleni anakutana na Kiingereza au Kifaransa. Watoto wetu wanaosalimia kwa lugha ya bibi na kucheza kwa Kiswahili watamwelewa papo hapo.

Lakini anza na mchanga, nakusihi. Katika visiwa vya kati na vya kaskazini watu huchora ardhini kwa kidole kimoja, mstari mmoja usiokatika. Unapinda, unazunguka, unapita katikati, mara kasa huyo, kamili! Michoro hiyo hubeba hadithi, nyimbo na mambo ya ukoo, na imewasaidia watu wa lugha mbalimbali kuelewana. Tangu 2008 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaga mchanga kwenye sinia, mwache mtoto ajaribu kabla hujamweleza lolote. Kidole kisiinuke! Utaona atakavyokaza macho.

Halafu posta. Chini ya bahari! Karibu na Port Vila, mji mkuu, ipo tangu 2003, kina cha mita kama 3. Unazama na kadi isiyolowa, unaituma hukohuko majini. Na volkano ya Yasur, kisiwani Tanna, ambayo mwanga wake ulimvuta Kapteni Cook mwaka 1774, bado inarusha moto!

Wanaume wa kisiwa cha Pentecost wanaoruka kutoka mnara wa miti, miguu imefungwa mimea itambaayo, ningewaacha kwanza hadi watoto wakue kidogo. Bila kuelezwa kwamba kuruka huko kunahusu mavuno ya viazi vikuu, wataona sarakasi tu.

Tarehe 30 Julai ni sikukuu yao ya uhuru, walioupata 1980 kutoka kwa Uingereza na Ufaransa zilizowatawala kwa pamoja. Iandikeni kwenye kalenda ya nyumbani, mzazi na mtoto, leo hii!