Kioo Kilichofunikwa Kanga

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilipita penye chumba kimoja cha kunyanyulia vyuma katika Mji wa Kale, Mombasa, nikamkuta kijana mtunisha misuli akijitayarishia mashindano, naye amesimama mbele ya kioo kilichofunikwa kanga. Nilidhani ni mzaha, hata mwalimu wake, mzee mwenye mvi aliyeketi penye benchi, aliponifahamisha kwamba juma la mwisho hukisitiri kioo makusudi, kwa kuwa jukwaani kijana hatakuwa na cha kujitazamia ila macho ya waamuzi.

"Anza miguuni, mwanangu," alikuwa akimwambia, "kaza nyayo, kaza mapaja, ndipo upande kifuani, wala usinionyeshe taabu usoni."

Muziki wa kijana ulikuwa wa dakika moja tu, na dakika hiyo alikuwa ameitumikia kwa miezi mitatu. Mzee alihesabu nane, kisha nane nyingine, nami nikamkumbuka marehemu babu yangu akipima mizani ya shairi kwa vidole juu ya goti, nane kwa nane, asiridhie mshororo uliopungukiwa hata mzani mmoja. Kwani pozi lenyewe, lijapokuwa adhimu namna gani, ni neno tu. Ufundi u katika njia ya kutoka neno hili hata lile: mkono ushukao kabla kiuno hakijageuka, na pumzi itolewayo kwa siri ilhali tumbo lingali limebanwa.

Sanaa hii ina nasaba yake. Eugen Sandow, aliyeandaa mashindano makubwa ya maumbile London mwaka 1901, na Arthur Conan Doyle akiwa mmoja wa waamuzi, aliiga jukwaani sanamu za mawe za kale. Na katika filamu ya Pumping Iron, ya mwaka 1977, twamwona Arnold Schwarzenegger, pande la mtu, akielekezwa na mwalimu wa baleti jinsi ya kuupeleka mkono, wala haoni haya.

Siku hizi aghalabu ya vijana huchagua wimbo usiku wa kuamkia mashindano, wakaruka kutoka pozi hadi pozi kama mtu avukaye barabara yenye magari. Na daraja la wavaa kaptura, lililotiwa katika mashindano ya Olympia mwaka 2013, wao ni kusimama, kugeuka na kutabasamu basi. Sisemi hawana miili. Miili wanayo maridhawa.

Usiku wa mashindano nilikwenda. Kijana alipanda aking'aa mafuta, na alipofika pale pa kuushusha mkono, waamuzi walikuwa wameinama wakiandika, na ukumbi ukimpigia ukelele aharakishe pozi jingine. Kando ya pazia niliiona midomo ya mzee ikihesabu nane.