Mhalifu Asiyeshtakiwa: Haki katika Riwaya ya Bleak House

Msomaji wa hadithi za upelelezi huridhika pindi mwuaji ajulikanapo. Katika Bleak House, riwaya ya Charles Dickens iliyotolewa London kwa matoleo ya kila mwezi tangu Machi 1852 hadi Septemba 1853, mwuaji wa wakili Tulkinghorn hutiwa mbaroni na mpelelezi Bucket. Lakini sisi twaona kwamba huyo siye mhalifu mkubwa wa kitabu hiki.

Mhalifu mkubwa ni Mahakama ya Chancery, iliyopewa kulinda mirathi na mayatima. Shauri la Jarndyce na Jarndyce, lililozuka juu ya wasia, lapokezanwa na vizazi. Kijana Richard Carstone ajaribu udaktari, sheria na uaskari, asidumu na lolote, kwani moyo wake wangojea hukumu. Mwishowe mali yote yamalizwa na gharama za shauri, naye afa. Hapana hakimu aliyepokea mlungula. Kila mmoja alifuata kanuni na kupokea ujira wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Wala huo si uzushi mtupu: katika dibaji yake ya 1853 Dickens alitaja shauri la kweli, lililokaribia miaka 20, ambalo gharama zake zilifikia pauni 70,000.

Zaidi ya hayo, tumtazame Jo, mtoto fukara mfagia njia. Katika uchunguzi wa kifo cha mtu pekee aliyemhurumia, ushahidi wake wakataliwa kwa kuwa hakuweza kueleza barabara adhabu ya mwapa uongo. Baadaye ujuzi ule ule watafutwa faraghani kwa shilingi tano, ili wakili apate siri ya kumtisha nayo bibi wa watu. Ukweli uliofukuzwa barazani wanunuliwa uchochoroni.

Kasoro tuionayo ni dawa aliyoitoa mwandishi: wema wa mzee John Jarndyce. Wema huo wapendeza, lakini huruma ya tajiri mmoja haitengenezi mahakama. Chancery iliunganishwa na mahakama nyingine kwa sheria ya 1873, iliyoanza kutumika 1875. Nayo ilikuwa kazi ya Bunge, si ya sadaka.

Kwa hiyo anayetaka kuipima mahakama asihesabu wauaji iliowafunga tu. Na aulize pia: mtoto kama Jo, akisimama mbele yake, atasikilizwa?