Mkwaju wa Pili
Ukitaka kumwona mcheza gofu akiwa hafikirii chochote, mwangalie kwenye mkwaju wa pili wa par 5. Par 5 ni shimo refu, lile ambalo mchezaji hodari anatarajiwa kulimaliza kwa mikwaju mitano. Wa kwanza una mbwembwe zake. Wa tatu unalenga bendera. Wa pili? Anachomoa fimbo ndefu, anausukuma mpira mbele, tunatembea. Nasema "tunatembea" kwa sababu mwaka nilioacha chuo nilikuwa kedi hapa Eldoret, na ule mfuko haujibebi.

Mwanzoni nilidhani wachezaji ndio wavivu. Siku hizi namlaumu aliyechora shimo: hakuwauliza swali lolote.

Dawa inayosifiwa sana ni maji. Weka kidimbwi mbele ya grini, mtu aamue kuruka au kubaki. Shimo la 15 pale Augusta, Marekani, limejengewa jina hivyo. Mwaka 1935 Gene Sarazen alipiga mkwaju wa pili kutoka yadi 235 hivi, mpira ukavuka maji na kuingia shimoni. Mwaka 1993 Chip Beck, akiwa nyuma ya Bernhard Langer kwa mikwaju mitatu siku ya mwisho, alisimama kwenye shimo hilo hilo akaamua kutoruka. Mpaka leo anachekwa.

Mimi namtetea Beck, lakini shimo lenyewe silitetei sana. Swali lake ni la ndiyo au hapana, na "hapana" yake haina ladha: unapiga kafupi, unasubiri wa tatu. Tena linawauliza wenye nguvu peke yao. Shimo la 13, hapo hapo Augusta, ni kali zaidi. Ardhi imeinama, kwa hiyo anayetumia mkono wa kulia anakuta mpira uko juu ya miguu yake, na kijito kinamngoja mbele. Ukitaka mahali tambarare na njia fupi, ilibidi mkwaju wa kwanza uusogeze karibu na kijito upande wa kushoto. Yaani wa pili ulianza kuandikwa kabla hujaufikia.

Lakini nikilazimishwa kuchagua moja, nachukua la 14 la St Andrews, Uskoti. Katikati ya njia ya mkwaju wa pili kuna shimo la mchanga linaloitwa Hell, Jehanamu. Jack Nicklaus aliingia humo kwenye Open ya 1995, akatoka kwa mkwaju wa nne, akamaliza na 10. Kinachonivutia si adhabu. Ni kwamba hata babu asiye na nguvu lazima ajibu: avuke, abaki nyuma yake, au azunguke kushoto hadi kwenye njia ya shimo la tano? Kila jibu lina bei yake, na unailipa kwenye mkwaju wa tatu.

Kwetu Sisibo jambo hili lina uzito wake. Tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko ungeenda Mombasa. Ukichora par 5 ambayo swali lake pekee ni "utafika?", vijana wenye mabega watakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Afadhali grini iliyokaa mshazari, inayofunguka kwa anayetokea upande mmoja tu, halafu mchanga uwekwe upande huo huo.

Nilifunzwa haya na mzee mmoja mstaafu ambaye hakuwahi kufika grini yoyote kwa mikwaju miwili. Wengine huuliza kedi, "Imebaki yadi ngapi?" Yeye aliniuliza, "Kijana, kesho tunataka tusimame wapi?" Kesho ni mkwaju wa tatu. Nyumbani wakati huo walikuwa wakibishana kama niliacha chuo kwa woga au kwa kiburi, na swali lile lilinikaa kooni.

Nikamwonyesha kushoto, kwenye nyasi mbaya kando ya miti. Akachukua fimbo ya saba, akapiga karibu kukata njia. Wenzake wawili walicheka wazi wazi. Kutoka pale grini yote ilikuwa imefunguka mbele yetu, hakuna mchanga. Tukamaliza na sita, maana alikosa kusukuma mpira wa futi tatu. Akaniambia nije mapema Jumamosi.